Kadi za Mkono wa Idi kwa mihuri ya kuchonga: shajara ya kadi 48

Kanga ina urefu wa takriban sentimita 150 na kimo cha 110. Kadi ya A6 ikilazwa ni milimita 148 kwa 105. Ni kanga iliyopunguzwa mara kumi, na umbo limebaki karibu lile lile. Mradi huu umeanzia kwenye hesabu hiyo: kadi ya Idi iliyopangwa kama kanga, yenye pindo pande zote nne, mji katikati na jina chini yake, kwa rangi za kisutu, yaani nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kwa bahati njema, wino mwekundu na mweusi ndio unaopatikana kila duka la vifaa vya ofisi. Jina ni MKONO WA IDI, na katika mji utakaa mrashi, ile chupa ya kunyunyizia marashi.

Bei ni shilingi za Tanzania, kwa manunuzi ya Dar es Salaam. Vipimo ni milimita pasipotajwa vingine.

Jumamosi, 11 Januari 2025: vipimo na karatasi

Mwili wa kadi ni A5 (148 × 210) inayokunjwa kuwa A6, manila nyeupe ya gramu 230 (kwa mita ya mraba, kama gramu zote za karatasi hapa). Fremu ya pindo ni 144 × 101, karatasi ya fotokopi ya gramu 80. Kipande cha mji ni 116 × 73, gramu 160. Vikibandikwa kimoja juu ya kingine katikati, ukingo mweupe wa 2 unabaki nje, na pindo linaonekana kwa upana wa 14.

A4 moja inatoa miili 2 au fremu 4. Vipande vya mji vikikatwa kwa mazoea vinatoka 4 tu. Kata kwanza safu ya vinne vilivyolala (116 kwa upana, 73 × 4 = 292), kisha pembeni yake simamisha viwili (73 kwa upana, 116 × 2 = 232). Vinatoka 6, na kwa kadi 48 unatumia karatasi 8 badala ya 12.

Gharama: manila 30 kwa 300 kila moja (9,000), karatasi za gramu 160 kumi (2,000), fotokopi 70 (3,500), kisu cha kukatia karatasi 1,500, rula ya chuma 2,000. Jumla 18,000.

Jumapili, 12 Januari: mikunjo iliyopasuka

Mpango wa kwanza ulikuwa kadi ifunguke kama kitabu, mkunjo ukae upande wa kushoto. Kwa kadi iliyolala, hiyo ina maana ya kukata A4 kwa urefu, 105 × 297, na kuikunja katikati, mkunjo ukiwa na urefu wa 105. Kadi nane za mwanzo zilipasuka zote kwenye mkunjo: uso wa manila ulifunguka na nyuzi nyeupe zikachomoza kama pamba. Kulainisha mkunjo kwa mgongo wa kijiko kulizidisha.

Chanzo ni mwelekeo wa nyuzi. Karatasi ya kiwandani nyuzi zake nyingi hulala upande mmoja, na A4 kwa kawaida hulaza nyuzi sambamba na upande mrefu. Mkunjo unaofuata nyuzi hulala vizuri, unaozikata huzivunja. Ule mpango wa kitabu ulikuwa unazikata moja kwa moja.

Dawa ni kukunja kwa juu, kadi isimame kama paa la nyumba. A4 inakatwa katikati kuwa A5 mbili, kisha kila A5 inakunjwa kwenye nusu ya ule upande wa 210. Mkunjo wa 148 sasa unakwenda na nyuzi. Kabla ya kukunja, pitisha rula na kalamu ya bik iliyokwisha wino mara mbili kwenye mstari, usibonyeze hadi kukata. Kisha kunja ukiacha mfereji huo upande wa nje wa kadi.

Hata baada ya hapo manila 5 ziliendelea kupasuka. Hizo nyuzi zake zilikuwa upande mfupi, maana muuzaji akikata karatasi kubwa kuwa A4, hukata kwa namna itakayotoa nyingi, si kwa kufuata nyuzi. Kipimo cha dukani: shika karatasi, iinamishe bila kuikunja, kwanza kwa upana kisha kwa urefu. Upande unaokubali kwa wepesi ndio mkunjo unaofuata nyuzi. Kama bado una shaka, lowesha kipande kidogo upande mmoja. Kitajikunja kama mkeka, na mhimili wa ule mkunjo ndio mwelekeo wa nyuzi.

Hasara: manila 4 kwa kosa la mpango, 5 kwa nyuzi. Tulinunua 3 nyingine baada ya kuziinamisha moja moja, 900. Wengi huanza na mihuri na kununua karatasi mwishoni. Anza na karatasi.

Jumamosi, 18 Januari: karatasi ya mapambo

Wazo la kwanza lilikuwa kununua karatasi ya kufungia zawadi na kuikata fremu. Tulijaribu mbili, 2,000, zikashindwa zote kwa sababu tofauti. Ya kwanza ilikuwa na maua ya milimita 60 hivi; kwenye pindo la 14 ua halionekani, yanaonekana mabaka. Pambo la pindo hili lisizidi 10. Ya pili ilikuwa na pambo dogo zuri, ila ni ya kung'aa. Tulipoipigia muhuri, wino wa ofisi ulibaki juu juu, na siku ya pili kidole kiliupangusa wote. Wino huo hukauka kwa kunywewa na karatasi. Karatasi isiyokunywa, hauna pa kwenda.

Basi pindo tulipige wenyewe. Pambo ni korosho, lile la kanga, kila moja 8 × 9.

Mpira wa kwanza kujaribiwa ulikuwa soli ya ndala. Inachongeka kwa raha, lakini ndani ni sponji. Kila tundu lilitoka kama doa jeupe na korosho ikaonekana imeliwa na mchwa. Tyubu ya baiskeli ilifuata: nyembamba, na imejipinda kiasi kwamba kingo zinanyanyuka kwenye gundi. Tyubu ya gari ndiyo iliyofaa. Ina unene wa karibu 2, inakatika kwa mkasi, na hulala bapa.

Namna ya kuutengeneza muhuri wa tyubu:

Osha tyubu kwa sabuni kuondoa poda na mafuta, kisha isugue kwa msasa wa namba 220 hadi ule mng'ao uishe. Tuliporuka hatua hii wino ulijikusanya matone matone. Kata korosho 12. Chukua kipande cha mbao cha 42 × 33, unene 20, kilichopigwa randa. Kwa seremala vipo vya kutupwa. Paka gundi ya viatu kwenye mbao na kwenye mpira, ngoja dakika 10 hadi 15 mpaka isinate kidoleni, ndipo ubandike. Ukibandika mapema korosho zinateleza.

Korosho nne kwa upana na tatu kwa kimo zinakaa kila 10.5 na kila 11, kwa hiyo mapigo yakifuatana pambo linaendelea bila pengo. Kumbuka kwamba mkia wa korosho utageuka: ukitaka uelekee kulia kwenye karatasi, uelekee kushoto kwenye mbao.

Muhuri wa kwanza ulipiga korosho saba tu kati ya 12. Gundi ilikuwa nzito chini ya baadhi, zikasimama juu ya wenzake. Dawa: laza msasa juu ya kioo, geuza muhuri uso chini, uzungushe polepole kama unayesaga. Baada ya dakika tatu zote zilikuwa sawa.

Gharama: karatasi za zawadi 2,000, tyubu kuukuu 1,000, gundi ya viatu 1,500, pedi mbili za wino 7,000, chupa mbili za wino wa kujazia 4,000. Jumla 15,500.

Jumapili, 19 Januari: kupiga pindo

Tulianza kwa safu zilizonyooka, mapigo 45 kwa A4. Kila pigo likikosea nusu milimita, makosa hujumlishana, na kwenye safu ya tisa korosho zilikuwa zinapanda mlima. Kuchora mistari ya penseli kulisaidia kidogo, ila kuifuta kulichafua wino.

Kilichotatua ni kupishanisha safu kama matofali: safu ya pili ianze nusu ya muhuri (21) nje ya karatasi. Jicho halina tena mstari mrefu wa kufuata, na kosa dogo linapotea. Mapigo yanakuwa 49 kwa karatasi, kwa hiyo tandika gazeti chini.

Wino: gusa pedi mara tatu nne kwa wepesi, usibonyeze mara moja kwa nguvu. Ukibonyeza, wino hupanda kwenye kuta za mpira na kila korosho hutoka na kivuli. Pedi ilipoanza kukauka tulimimina wino kutoka kwenye chupa, tukaharibu karatasi mbili kwa mafuriko. Weka matone yasiyozidi 20, yatawanye, funga kifuniko, subiri saa moja. Ikiwa imeshafurika, laza gazeti juu yake, lipapase, kisha libadilishe hadi liache kulowa.

Dakika 12 kwa karatasi moja. Karatasi 12, chini kidogo ya saa mbili na nusu. Januari hii ya kaskazi mikono inatoka jasho, na tone moja juu ya wino huu linatosha kuyeyusha korosho tatu. Kazi ifanyike alfajiri, kitambaa kikavu kiwe kando.

Jumamosi, 25 Januari: jina na mrashi

Hapa ni kifutio cha shule, kile cheupe kirefu, 60 kwa urefu. Vifutio sita, 3,000. Patasi ya kuchongea ilitokana na mwavuli mbovu: ule waya wake wenye mfereji, ukikatwa sentimita 8, ukanolewa ncha kwenye kinoo na kuvishwa mpini wa mti, unachimba mfereji safi wa milimita moja hivi. Kwa kingo tumia ncha ya kisu.

MKONO WA IDI ina herufi 10 na nafasi 2. Gawa 60 kwa 12, kila moja inapata 5. Jina la kwanza lilichorwa moja kwa moja kwenye kifutio kwa kugeuza herufi kichwani. Tazama jinsi jina hili linavyodanganya: M, O, W, A na I zikigeuzwa kwenye kioo zinabaki zilezile. Kati ya herufi kumi, ni K, N na D tu zinazobadilika. K na D zilikumbukwa. N haikukumbukwa, kwa kuwa hata ikiwa imekosewa, kwenye kifutio inaonekana N halali kabisa. Ilipopigwa, mstari wake wa kati ulielekea upande mwingine. Saa mbili za kuchonga zikaenda.

Njia salama haihitaji kugeuza chochote kichwani. Andika jina sawasawa kwenye karatasi ya siagi kwa penseli ya 2B, nene. Igeuze uso chini juu ya kifutio, sugua mgongo wake kwa ukucha. Penseli inahamia kwenye mpira ikiwa tayari imegeuka. Kabla ya kugusa kisu, simamisha kioo mbele ya kifutio na usome. Kisicho sawa kiooni hakitakuwa sawa kwenye kadi.

Mrashi una kimo cha 40, na shingo yake nyembamba ndiyo kazi. Mrashi wa kwanza ulivunjika shingo kwenye pigo la tatu. Kisu kilikuwa kimeingia kwa kulala chini ya mstari, kwa hiyo shingo ilisimama juu ya mguu mwembamba kuliko yenyewe. Kuta za mstari ziteremke kwa nje kama tuta la viazi: juu nyembamba, chini pana. Geuza kifutio, si mkono, ili kisu kibaki na mwinamo uleule kuzunguka umbo lote. Chimba eneo linalozunguka kwa kina cha 2 angalau, maana penye kina kidogo pedi hufika na kuacha michirizi.

Nukta nyekundu kuzunguka mrashi hazikuhitaji kuchongwa. Penseli yenye kifutio mgongoni inatoa nukta safi ya 6.

Ili kuona mahali pa kupiga, tulibandika mihuri miwili kwenye vifuniko vya plastiki angavu vya makasha ya CD. Inafanya kazi vizuri sana. Angalia yaliyofuata.

Jumamosi, 8 Februari: mihuri iliyoyeyuka

Baada ya wiki mbili mezani, mihuri yote miwili ilikuwa imeshikana na kifuniko. Haikuwa gundi. Plastiki yenyewe ilikuwa imelainika na kuingia kwenye kifutio, na ilipobanduliwa mrashi ulibaki nusu.

Vifutio vingi vyeupe hutengenezwa kwa PVC iliyochanganywa na kilainishi, na kilainishi hicho hakitulii. Huhama taratibu kwenda kwenye plastiki inayogusana nayo na kuiyeyusha. Ndiyo maana vifutio hivyo huuzwa vikiwa vimevishwa ganda la karatasi. Joto la Februari liliharakisha tu.

Vifutio viwili vipya, 1,000, na kuchonga upya. Sasa mihuri imebandikwa kwenye mbao, na kila mmoja unafungwa kwa karatasi yake na kutunzwa kwenye boksi la viatu. Usitumie mfuko wa nailoni wala mkebe wa plastiki. Kusafisha ni kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Thina na petroli hulainisha mpira na kuufanya unate.

Mahali pa kupiga panapatikana kwa njia nyingine: kata manila ya 116 × 73, toboa dirisha la kiasi cha mbao ya jina, likiwa 28 kutoka kila upande na 8 kutoka chini. Laza juu ya kipande cha mji, ingiza muhuri dirishani, piga, ondoa. Vipande 48 vilitoka jina likiwa mahali pamoja.

Jumamosi, 15 Februari: gundi na rangi iliyovuja

Siku ya hasara kubwa. Kadi sita za kwanza ziliunganishwa kwa gundi nyeupe ya maji (2,000), ile ya mbao. Baada ya nusu saa, wekundu wa pindo ulikuwa umepanda kwenye kingo za kipande cheupe cha mji, kama chai iliyomwagika. Kufikia jioni kadi zilikuwa pia zimepinda.

Wino wa ofisi ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji, na hata ikikaa mwezi inabaki tayari kuyeyuka tena. Kusubiri ikauke zaidi hakusaidii. Tulijaribu na fremu za wiki nne, zikavuja vilevile. Gundi nyeupe ina maji mengi, na karatasi ya gramu 80 huyapitisha. Kabla ya kuchagua gundi, lowesha kidole, gusa chapa, uone.

Vilivyojaribiwa kwenye masalio: gundi nyeupe iliyopakwa nyembamba kwa kadi ya simu, bado inavuja. Gundi ya kijiti, haivuji ikipakwa mgongoni mwa fremu tu. Selotepu ya pande mbili, haivuji kabisa, ila ukikosea huwezi kusogeza.

Uamuzi: fremu kwenye mwili kwa gundi ya kijiti, upande mmoja baada ya mwingine kwa kuwa katika joto hili inakauka upesi. Mji juu ya fremu kwa selotepu. Selotepu ya upana wa 12 inakula karibu sentimita 38 kwa kadi, yaani mita 18 kwa kadi 48. Roli mbili za mita 10 zinatosha, 3,000. Vijiti viwili vya gundi, 3,000.

Hapo pia fremu ilitobolewa katikati, dirisha la 100 × 57, ikabaki 8 tu ya kushikia chini ya mji. Kadi inalala bapa zaidi, selotepu inayozidi inashika mwili moja kwa moja, na vipande vya katikati vinabaki kwa ajili ya bahasha.

Jumamosi, 22 Februari: kuunganisha

Kadi 42 kwa saa tano. Kila kumi zinawekwa chini ya ubao na vitabu usiku kucha, feni ikiwa imezimwa, kwani upepo hukausha upande mmoja na kuipinda kadi. Mbili pindo lilikaa upande. Hazikubanduliwa, zilipunguzwa ukingo kwa rula hadi zikalingana.

Jumamosi, 1 Machi: bahasha na hesabu

Kadi ya A6 inaingia kwenye bahasha ya C6 (114 × 162). Tulizikata kwenye fotokopi: upana 162 na masikio ya 15 kila upande (192), kimo 114 mara mbili na kifuniko cha 50 (278). Inaingia kwenye A4 bila shida. Masikio yanabandikwa kwa gundi ya kijiti. Kipande cha pindo cha 100 × 57, kikikatwa katikati kwa urefu, kinatoa mistari miwili: mmoja ndani ya kifuniko, mwingine akiba. Usiubandike nje, maana bahasha ikinyeshewa wekundu utafika hadi kwenye anwani.

Kadi na bahasha yake kwa hesabu ya karatasi ni gramu 13 hivi.

Fedha: karatasi na vifaa vya kukatia 18,000, manila za nyongeza 900, pindo na wino 15,500, vifutio 4,000, gundi nyeupe 2,000, selotepu 3,000, vijiti 3,000. Jumla 46,400 kwa kadi 42, yaani takriban 1,105 kwa moja. Toleo lijalo visu, pedi na mihuri vipo tayari. Manila 24, fotokopi 60, karatasi 8 za gramu 160, selotepu na vijiti ni 17,800 kwa kadi 48, kama 370 kwa moja.

Hali ya mihuri: korosho za tyubu zimepiga karibu mara 600 na kingo zake bado kali. Jina limeanza kulainika kwenye mguu wa K, litafika kadi mia hivi kabla ya kuchongwa upya. Mrashi wa pili uko mzima, shingo na yote.